Aliyepanda na Aonje

Masomo: Kumbukumbu la Torati 20:5–7, Luka 15:25–32, 2 Timotheo 2:6



Jumapili ya mavuno, baada ya ibada, tulitoka uwanjani kwa mnada kama ilivyo desturi ya sharika zetu hapa mlimani Kilimanjaro. Iliuzwa mikungu ya ndizi, wakauzwa kuku, yakauzwa maziwa, mayai na maparachichi. Kati ya vitu hivyo ilikuwepo sado moja ya kahawa ya maganda, imefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Aliyeileta ni bibi mmoja wa mtaa wa juu, mjane, ambaye umri wake umevuka miaka 80. Mzee mmoja wa kanisa aliinunua kwa bei iliyozidi ya soko, kisha akafanya kama wengi wafanyavyo kwenye minada yetu: akamkabidhi mchungaji.

Nikafika nayo nyumbani. Mama mchungaji akaitazama, akanitazama, akauliza, "Tutaifanyaje?"

Sikuwa na jibu. Nimezaliwa chini ya migomba na mibuni. Nimechuma kahawa alfajiri kabla ya kwenda shule, nimezungusha mashine ya kumenya mpaka viganja vikatoka malengelenge, nimekimbia mara nyingi kufunika vichanja mvua ilipotishia. Lakini kabatini mwetu siku hiyo palikuwa na kopo la kahawa ya kukoroga, tuliyoinunua dukani, na hiyo ndiyo tuliyokuwa tukimkaribishia mgeni.

Kesho yake nilipanda kwenda kumshukuru bibi, nikamwomba anielekeze yeye huikaangaje. Akanyamaza kidogo, akiwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Mchungaji, mimi sijawahi kuionja. Kahawa ni ada."

Niliteremka na maneno hayo. Nimekaa nayo majuma kadhaa sasa, na leo nataka tukae nayo pamoja.

Kwa msomaji ambaye hakukulia huku, kauli hiyo inahitaji maelezo kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari Wakatoliki walipanda mibuni pale Kilema, na miaka iliyofuata zao hilo likaingia vihambani, yaani kwenye mashamba yanayozunguka nyumba zetu, chini ya kivuli cha migomba. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga waliunda chama chao cha kuitetea kahawa yao, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika ambacho hadi leo tunakiita KNCU. Kahawa iliezeka nyumba bati. Kahawa ilijenga madarasa. Mtoto akifaulu, mama hakuhesabu shilingi; alihesabu madebe. Walimu, wauguzi na mahakimu wangapi wametoka kwenye migongo ya mama zetu wakishuka na kahawa kichwani kwenda kwenye chama!

Lakini angalieni safari yenyewe. Tulichuma matunda mekundu, tukamenya, tukavundika, tukaosha, tukaanika, tukapeleka chama cha msingi. Kutoka hapo ilikwenda Moshi kukobolewa, ikafika mnadani, ikapanda meli. Kikombe kilikuwa ng'ambo ya bahari. Kihambani palibaki chai na mbege, pombe yetu ya ndizi. Hivyo ikawezekana mtu azaliwe, aolewe, azae, asomeshe watoto sita na kuzeeka kati ya mibuni ile ile, asijue kahawa yake ina ladha gani.

Sasa tufungue Kumbukumbu la Torati sura ya 20. Israeli wanajiandaa kwa vita. Adui ni wengi, wana farasi na magari. Jeshi lolote la dunia hii saa kama hiyo lingehesabu kila mkono unaoweza kushika silaha. Lakini Mungu anaagiza wasimamizi wapite katikati ya watu na kuuliza maswali matatu. Yuko aliyejenga nyumba mpya na hajaiweka wakfu? Arudi. Yuko aliyeposa mke na hajamwoa? Arudi. Na katikati ya hayo mawili: yuko aliyepanda shamba la mizabibu na hajaonja matunda yake? Arudi nyumbani kwake, asije akafa vitani na mtu mwingine akayaonja.

Nimelisoma fungu hilo tangu chuoni, na sikuwahi kusimama hapo. Vita inaweza kupungukiwa askari, lakini mkulima asife hajaonja! Mungu anaihesabu kuwa ni huzuni kubwa, huzuni inayostahili kuwekewa sheria, mtu kuweka jasho lake ardhini na tunda likapita mbele ya kinywa chake kwenda kwa wengine. Na Paulo, akimwandikia kijana wake Timotheo kutoka kifungoni, anarudia jambo lile lile: mkulima mwenye kutaabika ndiye anayestahili kuwa wa kwanza kupata sehemu ya mazao. Wa kwanza, wapendwa. Sisi tulimfanya bibi kuwa wa mwisho.

Basi tukapanga siku. Bibi ana mjukuu anayefanya kazi kwa wakaangaji wa kahawa mjini Moshi, kijana ambaye ada yake ya sekondari ililipwa na mibuni hiyo hiyo. Jumamosi alipanda akiwa na kikaango kizito cha chuma begani. Tukakutana jikoni kwa bibi, penye mafiga matatu na kuni kavu, nami nikaenda na sado yangu.

Kijana alianza kwa kuitwanga kahawa kinuni, kwa mapigo mepesi, ganda litoke bila punje kuvunjika. Bibi akachukua ungo akapepeta, na mikono yake iliijua kazi hiyo kuliko mikono yetu sote. Zikabaki punje za kijani kilichofifia. Tukaketi kuchambua: nyeusi tukatupa, zilizotobolewa na wadudu tukatupa, zilizovunjika tukaweka kando. Kijana alisema punje moja iliyooza inatosha kuharibu kikombe kizima. Bibi akaitikia, "Ndivyo walivyokuwa wakitukataa pale kwenye chama." Viwango alivijua vyote. Sababu ya viwango hivyo tu, yaani kikombe chenyewe, ndiyo hakuwahi kuionja.

Nikachukua konzi, nikainusa. Inanukia majani mabichi, kama kunde ambazo hazijapikwa. Hakuna hata chembe ya harufu ile inayotuvuta tukipita mbele ya mgahawa. Iko ndani, lakini imefungwa. Unaweza kuiweka kahawa hiyo gunia zima ndani ya nyumba kavu karibu mwaka, ukalala nayo chumba kimoja, na isikupe chochote.

Kikaango cha kwanza nilikishika mimi. Kijana alinionya mambo mawili: usijaze, robo kilo inatosha ili kila punje ipate nafasi ya kugeuka, na usiache kukoroga. Dakika za mwanzo hazina cha kuonyesha. Hata kahawa iliyokaushwa vizuri kwenye kichanja bado ina maji, kama asilimia 11 ya uzito wake, na moto unashughulika kwanza na maji hayo. Unakoroga, unakoroga, na rangi ni ile ile. Kisha kijani kinageuka manjano, na jiko linaanza kunukia nyasi kavu, halafu mkate. Manjano inakuwa kahawia. Ngozi nyembamba zinabanduka na kupeperuka. Moshi unapanda. Hapo ndipo simu yangu ilipoita mfukoni. Niliuacha mwiko ukiwa umesimama ndani ya kikaango, nikatoka mlangoni, nikasema maneno machache, nikarudi. Haikufika dakika mbili. Upande mmoja wa punje ulikuwa mkaa na upande wa pili ulikuwa bado una kijani.

Hakuna aliyenilaumu. Bibi alisema tu, "Mwaga, tuanze tena," kama mama anayemwambia mtoto. Lakini nililichukua somo. Moto ulikuwa ule ule, kahawa ilikuwa ile ile, kikaango ni kile kile. Kilichokosekana ni mtu. Kitu hiki hakikubali kufanywa na mtu ambaye mwili uko hapa na moyo uko barabarani.

Kikaango cha pili alikishika kijana. Kama dakika ya tisa hivi akainua kidole tunyamaze. Punje moja ikalia, ta! Kisha nyingine, kisha nyingi kwa pamoja, kama bisi zinazoanza kufunguka. "Huo ndio mlio wa kwanza," akasema. Akatueleza kwamba hapo joto la punje limekaribia nyuzi 200, na mvuke na gesi vilivyobanwa ndani vimeipasua punje kwa nguvu. Punje ilikuwa imevimba na huku imekuwa nyepesi. Kilo moja ya kahawa mbichi hukurudishia gramu 850, au chini ya hapo ukiikaanga sana. Na jikoni, ghafla, palinukia kahawa. Bibi aliacha kuchochea kuni. Akafumba macho akavuta pumzi. Kwa miaka zaidi ya 60 ameishi na zao hili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza lilimtolea harufu yake.

"Kuanzia hapa ni sekunde," kijana akasema. Ukichelewa utasikia mlio wa pili, mwembamba, kama vijiti vikavu vikivunjika mbali. Mafuta yatatokeza juu ya punje, na uchungu utafunika kila kitu. Ukichelewa zaidi utakuwa na mkaa. Alisubiri kidogo, akaipua, akaimwaga yote kwenye ungo, akatoka nje mbio akiipepeta kwenye upepo. Punje iliyoipuliwa ina moto wake ndani na itaendelea kujikaanga usipoipoza upesi. Makapi yakaruka juu ya migomba. Punje zikatulia, za kahawia, zote rangi moja.

Nikadhani sasa tutakunywa. Kijana akatikisa kichwa. Kahawa iliyotoka motoni bado inapumua, inatoa gesi, na ukiinywa saa hiyo hiyo ladha yake haijatulia. Angalau ilale usiku mmoja. Basi bibi akaifunika kwenye bakuli kwa kitambaa chake kile kile cheupe, na sisi tukateremka.

Usiku ule nilifungua Luka 15, habari ya wana wawili. Yule mdogo tumemhubiri sana. Mimi nilimwendea mkubwa. Luka anaanza kwa kutuambia alikuwa wapi: alikuwa shambani. Anaporudi anasikia nyimbo na machezo, anakataa kuingia, na maneno anayomwambia baba yake ni maneno ya mkulima ambaye hajaonja. Miaka yote hii nimekutumikia, na hujanipa hata mwana-mbuzi nifurahi na rafiki zangu. Baba hamkemei. Anamwambia kwa upole kwamba yeye yuko naye siku zote, na kwamba vyote alivyo navyo baba ni vyake.

Vyote ni vyake! Alikuwa mrithi, akaishi kama kibarua katika nyumba ya baba yake. Aliwafahamu ndama kwa idadi yao na hakuifahamu ladha ya meza. Na mimi, nikiwa nimekaa mezani kwangu na kope zikinukia moshi, nilijiona. Kwa miaka mingi nimefungua Biblia siku ya Alhamisi nikitafuta hubiri. Nimechuma, nimemenya, nimeanika, nimefunga gunia, Jumapili nimepeleka sokoni. Watu wamesema wamebarikiwa, na nimemshukuru Mungu kwa hilo. Lakini Ezekieli, kabla hajatumwa kwa nyumba ya Israeli, aliambiwa kwanza ale lile gombo. Akalila, likawa tamu kinywani mwake kama asali. Ndipo akaambiwa aende akanene. Mimi, mara nyingi, gombo nimelibeba begani.

Ninajua siko peke yangu. Ninawajua wazee wa kanisa ambao kila Jumapili wimbo wa sadaka ukiisha wanaingia chumba cha kuhesabia, na kwa miaka hawajasikiliza hubiri moja mpaka mwisho. Ninawajua akina mama wanaopika kwenye kila msiba na kila harusi, ambao hula wamesimama, kwenye kifuniko cha sufuria, wageni wakishaondoka. Ninawajua walimu wa Shule ya Jumapili wanaowaombea watoto wa watu kwa majina, na wao hawakumbuki lini waliomba wakiwa na haja yao wenyewe mkononi. Ninawajua wanakwaya ambao wimbo umekuwa sauti ya kwanza na ya pili, na si maombi tena. Nyote mmepanda. Nawauliza kwa upendo swali la wale wasimamizi wa Israeli: mmeonja?

Lakini asije mtu akasema bibi alikosea. Hapana. Yeye hakukosa kuonja kwa ujinga wala kwa uvivu. Kila punje aliyoipeleka kwenye chama ilikuwa daftari, ilikuwa sare, ilikuwa nauli ya mtoto. Kujinyima kwake kulikuwa upendo, na Bwana wetu, ambaye hakujipendeza mwenyewe, anaujua upendo wa namna hiyo. Ninachosema ni kwamba yule anayepokea upendo huo asiuzoee. Baba wa mbinguni hapendi watoto wake wawe mifereji tu, inayopitisha maji kwenda kwenye mashamba ya wengine huku kingo zake zimekauka. Anayetoa naye anaalikwa mezani.

Na neno la Paulo kuhusu mkulima halihusu roho peke yake. Linahusu mizani pia. Mwaka 1989 ule mpango wa kimataifa uliokuwa ukiigawia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza ulivunjika, na bei ikaporomoka. Chulebuni na kutu ya majani vilikuwa vinadai dawa, na dawa ilidai fedha ambayo kahawa haikuirudisha. Wengi hapa waling'oa mibuni, wakapanda nyanya na mboga, na mimi siwezi kumlaumu mtu aliyetafuta chakula cha watoto. Yakobo anaandika katika waraka wake kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kwa hiyo wewe uliye na wadhifa kwenye chama, wewe unayesoma mizani, wewe unayenunua kwa mkulima kabla ya msimu kwa sababu unajua ana mgonjwa ndani: mche Mungu. Aliyetaabika awe wa kwanza.

Jumapili alasiri tukarudi kwa bibi. Kijana akatwanga kahawa kinuni mpaka ikawa laini, kiasi cha kutosha siku ile tu, maana punje zikishavunjwa harufu hukimbia. Akachemsha maji sufuriani, akatia kahawa, akaacha itulie mpaka machicha yakashuka. Akammiminia bibi kwanza, bila sukari. Tukangoja.

Bibi akanywa funda moja. "Chungu," akasema. Akanyamaza. "Halafu inarudi." Akanywa tena. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Hii ni ya mibuni ya karibu na mfereji?"

Kijana akasema ndiyo, nyingi ilitoka huko. Bibi akaeleza kwamba mibuni hiyo aliipanda mumewe mwaka alipozaliwa mtoto wao wa kwanza. Akakiweka kikombe gotini. "Baba yao angeionja," akasema. Hatukumjibu. Wako wapandao na kuondoka kabla, na Mungu anawajua.

Baada ya muda akaita kwa sauti kuelekea kwenye ua wa masale, akamwita jirani yake, mama mwenzake wa rika lile lile. Yule akaja na mjukuu mgongoni. Kahawa ile ikawatosha watu saba.

Hapo nikakumbuka ndugu zetu wa Bukoba. Wahaya walikuwa wakiitafuna buni muda mrefu kabla ya wakoloni: huichemsha pamoja na majani yenye harufu, huianika, na mgeni akifika hupewa punje za kutafuna kabla ya maneno mengi. Kule kwao, na kwa Waganda pia, watu wawili waliotaka kuwa ndugu waligawana mbegu mbili za tunda moja la buni, kila mmoja akiipaka damu yake kidogo na kumpa mwenzake. Tunda moja la buni kwa kawaida lina mbegu mbili zilizolala zikiangaliana, na wazee wale waliona ndani yake undugu. Sisi tumefanywa ndugu kwa damu nyingine, iliyomwagwa mara moja kwa ajili ya wote. Lakini tunapopokezana kikombe, hekima yao inatufundisha jambo: mtu hawi ndugu kwa kupelekewa salamu. Huwa ndugu kwa kuonja pamoja.

Na Ethiopia, ilikoanzia kahawa hii ya arabika, mama mwenye nyumba huikaanga mbele ya wageni. Kikaango kikiwa bado kinafuka, hukipitisha kwa kila mmoja avute harufu, ndipo huitwanga na kuichemsha. Hunywewa vikombe vitatu kutokana na kahawa ile ile. Cha kwanza huitwa abol, cha pili tona, na cha tatu huitwa kwa neno ambalo na sisi tunalo: baraka. Kikombe cha tatu ndicho chepesi kuliko vyote, kwa kuwa maji yameongezwa mara mbili. Lakini ndicho chenye jina hilo, na hukipata aliyebaki ameketi.

Wapendwa, kahawa mbichi hukaa karibu mwaka na isikudai kitu. Iliyokaangwa hudai uinywe ndani ya majuma machache, la sivyo ladha yake hufifia. Ni kama mana jangwani: ilikuwa ya siku, na kesho walitoka tena kuokota. Wengi wetu tuna gunia zima la Neno bichi ndani ya nyumba. Mistari ya kipaimara tunaikumbuka, nyimbo tunazijua bila kitabu, hadithi zote tunaweza kuzisimulia. Neno hilo limehifadhiwa vizuri, halijaoza, na halinukii. Halikosi ladha. Ila halijapelekwa kwenye moto wa maisha yetu wenyewe, kwenye ugonjwa wetu, deni letu, ugomvi wetu na ndugu, huku tumeshika mwiko na hatuondoki.

Kwa juma hili nawaomba jambo dogo. Chukua fungu moja fupi la Neno, ambalo hutalifundisha popote wala hutamtumia mtu yeyote kwenye simu. Liwe lako. Kaa nalo asubuhi mpaka lipite kimya kile cha mwanzo ambapo rangi haibadiliki, maana hapo ndipo wengi tunapoondoka. Kaa mpaka usikie mlio wa kwanza. Lilale nawe usiku mmoja. Kesho yake, ukishaonja, mwite jirani ng'ambo ya masale.

Na kama una kahawa yako kihambani, kabla ya kufunga gunia la chama, toa robo kilo. Ikaange nyumbani kwako. Kama mama yako yu hai, mmiminie yeye kwanza.

Tuombe.

Ee Mungu, Mwenye mashamba yote, tunakushukuru kwa waliopanda na hatukuwaona wakionja. Wafariji waliochoka kwa kupeleka na hawajapata. Ihukumu kwa haki mizani ya mlimani na ya ng'ambo ya bahari. Utusamehe sisi tuliolibeba Neno lako kama mzigo wa kuuza. Tukalishe mezani pako, utupe subira ya kikombe cha tatu, na utufundishe kumkumbuka jirani kikombe kikiwa bado cha moto. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.